UZI: Hekalu la Wamormoni Seoul, vitabu vya ukoo, na Wakorea wanaobatizwa kwa niaba ya babu zao

Kisima cha Kale (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Humu jukwaani kila baada ya muda mtu anaanzisha uzi wa Wamormoni, na kila mara unaishia palepale: wake wengi na nguo za ndani. Leo naomba tuwatazame wakiwa mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kuwawaza, Korea Kusini. Nilisoma Seoul, nikapanga chumba upande wa Sinchon. Ukipanda vichochoro vya Changcheon-dong, ukaacha nyuma migahawa ya nyama ya kuchoma na baa za wanafunzi, unakutana na jengo la mawe ya kijivu lenye minara sita, na juu yake sanamu ya dhahabu ya malaika anayepuliza tarumbeta. Hilo ndilo hekalu lenyewe. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, sina hisa pale, ila nilikuwa na rafiki wa darasani ambaye familia yao ni waumini, na baba yake alikuwa mtu wa kuongea.

Hoja yangu ni hii: Mkorea Mwamormoni haendi hekaluni kwa ajili ya nafsi yake tu. Akishamaliza ibada zake mwenyewe, kila anaporudi anarudi kwa ajili ya wafu wa ukoo wake. Bila kulielewa hilo, huwezi kuelewa kwa nini kikundi kidogo namna ile kiling'ang'ania kupata jengo lile.

Kwanza tuelewane. Hekalu si kanisa la Jumapili. Jumapili wanasali kwenye majengo ya kawaida ya mtaani, na yeyote anakaribishwa, hata wewe. Hekalu siku hiyo limefungwa. Siku nyingine wanaingia wenye kibali tu, na kibali hupati mpaka uhojiwe na askofu wa kata yako (usharika wa mtaani), kisha na kiongozi wa kigingi (kundi la kata kadhaa): unatoa zaka? Unalishika Neno la Hekima, yaani hakuna pombe, tumbaku, kahawa wala chai? Ndani yanafanyika mambo makubwa matatu. Ubatizo kwa niaba ya wafu. Endaumenti, ambayo ni mafundisho na maagano. Na kuwaunganisha mume na mke, wazazi na watoto, si mpaka kifo kiwatenganishe bali milele.

Sasa historia kidogo. Mkorea anayetajwa kuwa wa kwanza kubatizwa ni Kim Ho Jik, aliyekuwa akichukua shahada ya uzamivu ya lishe Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Alibatizwa Julai 1951 katika mto Susquehanna, Pennsylvania, mto uleule ambao Wamormoni wanaamini Joseph Smith, mwanzilishi wao, alibatiziwa mwaka 1829. Wakati huo kwao vita vinapamba moto. Akarudi, akawa naibu waziri wa elimu, na jina lake likawafungulia wamisionari milango ambayo Mmarekani mwenye tai na baiskeli asingeifungua peke yake. Ubatizo wa kwanza kwenye ardhi ya Korea ulifanyika Busan, Agosti 1952, kupitia askari wa Kimarekani waliokuwa wakiabudu kambini. Kati ya waliobatizwa wanne, wawili walikuwa watoto wa Kim. Yeye alifariki 1959, Kitabu cha Mormoni kwa Kikorea kikatoka 1967, na kigingi cha kwanza kikaundwa Seoul 1973.

Hekalu lilitangazwa Aprili 1981. Gordon B. Hinckley, kiongozi wa juu wa kanisa aliyeanza kusimamia kazi yake Asia mwaka 1960, akaliweka wakfu Desemba 1985. Miezi minne nyuma alikuwa Johannesburg akiweka wakfu la kwanza Afrika.

Nitaendelea. Msiharibu mtiririko.

---

Chumvi Nyingi

Mkuu, hawa si ndio wale wanaofungisha ndoa watu elfu kwa mkupuo uwanjani? Nimeona picha, mabibi harusi kama wamepangwa gwaride.

---

Kisima cha Kale

Hapana. Wale ni Kanisa la Muungano la Sun Myung Moon, lilianzishwa Seoul 1954, ni la Kikorea kabisa. Wamormoni wanatoka Marekani, na ndoa yao ya hekaluni inafanyika chumba kidogo, mbele ya watu wachache wenye kibali. Wakorea nao wanawachanganya hivyohivyo, na wamisionari wa pale wanatumia muda mwingi kusema "sisi siyo wale".

Naendelea.

Kwa nini hekalu la Seoul lilikuwa jambo kubwa namna ile? Kabla yake la karibu lilikuwa Tokyo, lililofunguliwa 1980, na kabla ya hapo Hawaii. Tokyo kwa ndege ni saa mbili na ushee. Tatizo lilikuwa pasipoti. Korea Kusini ya wakati ule haikumruhusu raia kwenda nje kutembea. Mwaka 1983 walilegeza kidogo: uwe umetimiza miaka 50, na uweke benki won milioni 2. Ni Januari 1989 ndipo kila mtu aliruhusiwa. Sasa fikiria ibada inayodai baba, mama na watoto wawepo chumba kimoja ili waunganishwe, halafu familia nzima haiwezi kutoka nchini. Hekalu la Changcheon-dong lilifunguliwa miaka mitatu kabla Mkorea wa kawaida hajawa huru kupanda ndege.

Sasa kiini chenyewe. Wakorea wana kitu kinaitwa jokbo, kitabu cha ukoo. Kile cha zamani zaidi kilichobaki ni cha ukoo wa Kwon wa Andong, kilichapwa 1476. Kila ukoo una jina pamoja na mji wa asili, kwa hiyo Kim wa Gimhae na Kim wa Gyeongju ni koo mbili tofauti. Mpaka Mahakama ya Katiba ilipoingilia 1997, watu wa ukoo mmoja na mji mmoja wa asili hawakuweza kuoana kisheria, hata kama babu yao wa pamoja alikufa miaka mia nane iliyopita.

Baba wa rafiki yangu alinifungulia chao. Kurasa zimegawanywa safu kwa safu, kila safu kizazi kimoja, unasoma kutoka juu kwenda chini na kutoka kulia. Maandishi yote ya Kichina, ambayo kijana wake wa chuo kikuu hakuweza kuyasoma. Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa kwa tarakimu. Umeandikwa kwa mzunguko wa miaka 60, kwa hiyo lazima umtazame baba yake na mwanawe ndipo ujue ni mzunguko upi, vinginevyo unakosea kwa miaka sitini. Kisha cheo kama alikuwa nacho, kisha kaburi liko mlima gani na limeelekea wapi. Watu wa kizazi kimoja wanachangia herufi moja kwenye majina yao, kwa hiyo yule mzee aliweka kidole kwenye herufi na kusema, huyu ni rika la babu yangu, bila hata kusoma jina zima.

Sasa mtu mwenye kitabu kama hicho kabatini anakutana na kijana anayemwambia: hawa wote unaweza kuwabatizia. Mlutheri kama mimi ninaambiwa wafu wako mikononi mwa Mungu, basi, tulia. Mwamormoni anasomewa 1 Wakorintho 15:29, "wenye kubatizwa kwa ajili ya wafu", anasomewa Malaki na mioyo ya watoto kuwaelekea baba zao, kisha anapewa kazi ya kufanya.

---

Bwana Ushahidi

Mleta uzi umepamba sana. Wakorea walikuwa na jesa tayari, wanawatambikia wahenga wao kwa meza ya chakula. Hawakuhitaji Joseph Smith. Wangebaki na mila zao.

---

Kisima cha Kale

Kubaki na mila ukiwa Mkristo Korea kuligharimu vichwa, na hapa sitii chumvi. Mwaka 1791 Mkatoliki Yun Ji-chung alikataa kumfanyia mama yake jesa na akachoma vibao vya wahenga, kwa kuwa Roma ilikuwa imekataza. Serikali ikamkata kichwa yeye na binamu yake huko Jeonju. Mateso ya Wakatoliki yaliyofuata yaliendelea kwa vipindi karibu karne nzima. Roma ilikuja kulegeza msimamo 1939. Papa Francis alimtangaza Yun mwenye heri mwaka 2014, pale Gwanghwamun, katikati ya Seoul.

Waprotestanti wengi mpaka leo hawafanyi jesa, wana ibada fupi ya kumbukumbu badala yake: wimbo, sala, chakula. Kwa mtoto wa kwanza wa kiume, ambaye kwa desturi ndiye mwenye jukumu la jesa, hilo ni jambo zito. Siku ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, wajomba wanakuja, wanakuta hakuna meza. Hakuna samaki upande wa mashariki na nyama upande wa magharibi, hakuna pombe ya mchele ya kummiminia babu. Wanamuuliza, wewe wahenga umewatupa?

Mwamormoni ana jibu ambalo Mprotestanti hana. Anaweza kusema nimewatumikia kwa majina yao, mmoja mmoja. Sisemi wajomba wanaridhika. Nasema ana cha kusema.

---

Mkaazi wa Kangemi

Hapa kwetu Nairobi walifungua lao Mei 2025, pale Mountain View kando ya Waiyaki Way. Kabla ya kuliweka wakfu waliruhusu umma kuingia kuangalia, nami niliingia na jirani yangu ambaye ni muumini. Kile kisima cha ubatizo kimekaa juu ya migongo ya sanamu za ng'ombe kumi na wawili. Nilimuuliza, hapa mnabatiza wafu vipi? Akanieleza maiti haiko, ni kijana aliye hai anaingia majini amevaa nyeupe, jina la marehemu linatajwa, anazamishwa. Jina lingine, anazamishwa tena. Mwanaume kwa mwanaume, mwanamke kwa mwanamke. Zamani ilibidi wachange nauli kwenda Johannesburg, na wengine walizeeka wakichanga.

Lakini sisi wengi huku majina ya vizazi vinne au vitano yako kichwani kwa shosho (bibi), hayajaandikwa popote. Hao Wakorea wana miaka mia tano imechapwa!

---

Kisima cha Kale

Hiyo ndiyo tofauti, mkuu. Na kanisa lililiona mapema. Shirika lao la nasaba la Utah lilipiga picha vitabu vya ukoo vya Korea kwa mikrofilamu, na leo mkusanyiko mkubwa uko mtandaoni FamilySearch, tovuti yao ya nasaba. Hata Mkorea asiye muumini, hata Mbudha, anaweza kwenda kumtafuta babu yake humo.

---

Bwana Ushahidi

Sawa, tuchukue vitabu. Hivi unajua kwamba jokbo nyingi ni za kughushi? Mwisho wa enzi ya Joseon, ule ufalme wa zamani wa Korea, watu wa kawaida walikuwa wananunua nafasi kwenye vitabu vya mabwana ili wakwepe kodi na uaskari. Sehemu kubwa ya watu walikuwa watumwa, na wengine hawakuwa na jina la ukoo mpaka sheria ya usajili ya 1909. Leo kila Mkorea anajiita mjukuu wa mfalme au waziri. Mababu wa kweli wa wale watumwa wako wapi kwenye hilo hekalu lako?

---

Kisima cha Kale

Hekalu si langu, ila hoja yako ni nzito kuliko zote za uzi huu. Na Wakorea wenyewe wanalijua hilo, ni utani wa kawaida: kama kila mtu ni mjukuu wa bwana, nani alikuwa analima?

Kwa mafundisho yao, ubatizo wa niaba ni kama mwaliko tu. Roho wa marehemu anaweza kukubali au kukataa. Kwa hiyo ukibatizwa kwa niaba ya babu wa mtu mwingine, kwa hesabu yao huyo babu hajadhurika na wewe umepoteza alasiri moja. Endaumenti ya jina moja inachukua karibu saa mbili, kwa hiyo ni alasiri kweli.

Lakini kuunganisha ni jambo jingine. Ukimuunganisha mkulima asiye na jina na ukoo ambao baba yake aliununua kwa magunia ya mchele, umeipa karatasi ile muhuri wa milele. Nilimuuliza yule mzee. Alicheka, akasema Mungu anasoma vizuri kuliko karani wa Joseon. Ni jibu la muumini, mimi halinitoshi. Watumwa waliandikwa kwenye daftari za mali za mabwana zao, kwa jina moja tu bila ukoo, na vitabu vya ukoo haviwajui.

---

Binti Mzizima

Nami niulize la kwetu wanawake. Hizo safu za vizazi, mabinti wamo?

---

Kisima cha Kale

Hapo ndipo nilipokaa sana mimi mwenyewe.

Kwenye vile vya zamani kabisa, kama hicho cha 1476, watoto waliorodheshwa kwa kufuata nani kazaliwa kwanza, wa kiume na wa kike pamoja, na watoto wa binti wanafuatiliwa pia. Karne ya 17 na 18 mambo yakabadilika, wavulana juu, mabinti mwisho. Na hata akiwemo, binti hakuandikwa jina lake. Liliandikwa la mumewe. Huko alikoolewa anaandikwa kwa ukoo wa baba yake na mji wa asili. Kwa hiyo ukurasa ule nilioonyeshwa ulikuwa na mwanaume mwenye jina, jina la heshima, cheo, tarehe mbili na mlima wa kaburi, na pembeni yake "Yi wa Jeonju". Basi.

Sasa hekalu linadai wawili. Huwezi kumuunganisha mume peke yake, wala watoto kwa baba bila mama. Kwa hiyo waumini wanalazimika kumtafuta "Yi wa Jeonju" ni nani: wanafungua kitabu cha ukoo wa pili, wanatafuta baba mwenye mkwe wa jina hili, wanalinganisha miaka. Mara nyingi wanampata baba yake na kaka zake lakini jina lake hawalipati ng'o, maana halikuandikwa kokote. Anaingia hekaluni hivyohivyo kwa ukoo wa baba yake, na mwanamke wa leo anavaa nyeupe na kukaa saa mbili kwa niaba yake.

---

Binti Mzizima

Yaani bibi wa watu amezaa na kulea ukoo mzima, jina hana. Na hapo hapo kanisa lenyewe ukuhani ni wa wanaume tu. Nimecheka kwa uchungu.

---

Chumvi Nyingi

Turudi kwenye harusi basi. Hiyo ya chumba kidogo, wazazi wasio Wamormoni wanakaa wapi?

---

Kisima cha Kale

Nje. Bila kibali huingii, hata kama wewe ndiye uliyemzaa bibi harusi. Na hili Korea linauma, kwa sababu waumini wengi wa kizazi cha kwanza waliongoka peke yao, wazazi wakabaki Wabudha au Wapresbiteri. Harusi ya Kikorea ni ya wazazi: wanasimama mlangoni wa ukumbi kupokea wageni, pembeni kuna meza ya kupokea bahasha za fedha, jina na kiasi vinaandikwa daftarini ili siku ya pili familia ijue inamdai na kudaiwa na nani. Ukimwambia mzazi huyo kwamba sherehe yenyewe imefanyika mahali asipoweza kuingia, umemvua nguo mbele ya watu aliowachangia miaka yote. Kisheria ndoa ya Korea inahesabika ukishaandikisha ofisi ya serikali, kwa hiyo wapo wanaofanya ukumbi kwa ajili ya wazazi na hekalu kwa ajili ya milele. Mwaka 2019 kanisa liliondoa kanuni iliyowasubirisha mwaka mzima waliotangulia kufunga ndoa ya kiserikali nchi kama Marekani. Mlango wa hekalu kwa wazazi haukubadilika.

Na kibali chenyewe kina gharama ambayo Mmarekani wa Utah haijui. Ofisi za Korea zina hoesik, mlo wa jioni na bosi. Bosi anakumiminia soju, pombe yao kali, wewe unapokea kwa mikono miwili. Kukataa si suala la kinywaji, ni kukataa mkono wake. Kaka wa rafiki yangu alikuwa akijitolea kuwa dereva wa kila mtu, kila mara, akaitwa dereva wa idara. Kahawa nayo imekatazwa, katika jiji ambalo huwezi kutupa jiwe usipige mgahawa wa kahawa. Kilichowaokoa ni chai ya shayiri, maana ile haitokani na mmea wa chai.

---

Bwana Ushahidi

Na pamoja na vitabu vyote hivyo, wako wangapi?

---

Kisima cha Kale

Kanisa linahesabu zaidi ya 80,000, katika nchi ya watu milioni 51. Waliomo daftarini na wanaokaa kwenye viti Jumapili ni vitu viwili. Waprotestanti kwenye sensa ya 2015 walikuwa karibu asilimia 20. Kwa hiyo kama mtu alidhani jokbo pamoja na ubatizo wa wafu vingeiteka Korea, haikuwa. Kizazi kilichokuwa na jokbo kabatini na kujua kuisoma kinakwisha, na vijana wa Seoul hawazai, achilia mbali kuhesabu vizazi.

---

Mkaazi wa Kangemi

Na wale ambao ukoo wao ulibaki Kaskazini?

---

Kisima cha Kale

Wapo, na ndio waliokuwa na haraka kuliko wote. Waliovuka kuja Kusini wakati wa vita, 1950 hadi 1953, wengine walivuka na nguo walizovaa tu. Serikali mbili zilikutanisha familia chache mwaka 1985, kisha tena kuanzia 2000, mara ya mwisho 2018, na waliopata nafasi ni wachache mno. Mtu ana miaka themanini, hajui mama yake yu hai au la. Kanisa lina kanuni: aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, lazima ndugu wa karibu aliye hai aridhie kwanza, na kanuni za namna hiyo zimekazwa zaidi tangu mgogoro wa waumini kubatizwa kwa niaba ya Wayahudi waliouawa na Wanazi. Kwa mtoto wa mwisho aliyebaki peke yake Kusini, ndugu wa karibu ni yeye mwenyewe. Anachokosa ni tarehe ya kifo.

---

Mkaazi wa Kangemi

Wanajenga lingine ama ni hilo tu?

---

Kisima cha Kale

Busan lilitangazwa Oktoba 2022. Kwa hesabu ya waumini ni uamuzi wa kushangaza, kwa treni ya kasi ni chini ya saa tatu mpaka Seoul. Lakini ubatizo wa kwanza nchini ulifanyika huko, na wazee wengi wa kusini hawawezi tena safari ya kwenda na kurudi siku moja.

Mwenye jokbo au nakala yoyote ya Kikorea anayetaka kusaidiwa ule mzunguko wa miaka 60 aniandikie kwa ujumbe binafsi. Msinitumie picha za harusi za uwanjani, nimeshasema siyo wao.